Kuishi Sana, Kuzaa Kidogo: Hesabu ya Maisha ya Tumbusi na Tai wa Ruaha na Usangu

Utangulizi

Mwanafunzi asafiriye kutoka Iringa mjini kuelekea Idodi na Tungamalenga, au yule akaaye katika nyanda za Usangu wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, bila shaka amewahi kuinua macho akawaona ndege wakubwa wakizunguka juu angani bila kupiga mabawa. Mara nyingi hao ni tumbusi, ambao wengine huwaita tai mzoga. Watu wengi huwatazama kwa chuki, kwa sababu huwahusisha na mauti. Ni wachache wanaojiuliza: Je, ndege yule ana umri gani? Amekwisha kuzaa mara ngapi? Na akifa leo, itachukua muda gani mwingine kukua na kushika nafasi yake?

Katika mashamba ya mpunga ya Usangu yuko ndege mwingine, mdogo asiyejaza kiganja, ambaye kila mkulima anamfahamu: kwelea kwelea. Barani Afrika ndege huyu huuawa kwa mamilioni kila mwaka, kwa sumu zinyunyizwazo na eropleni, kwa nyavu na kwa mitego. Na bado msimu ufuatao makundi yake hutanda tena juu ya mpunga. Tumbusi, kwa upande wake, haharibu shamba la mtu, wala hakuna eropleni inayotumwa kumwangamiza. Hata hivyo, tumbusi ndiye anayepungua. Iweje anayesakwa adumu, na asiyesakwa atoweke?

Jibu la swali hilo limo katika hesabu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ndege walao nyama wanavyoishi, wanavyozaa na wanavyozeeka, na kuonyesha kwamba kwa ndege wa namna hii idadi ya mayai si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kama wazazi wataiona kesho.

Njia mbili za kutumia maisha

Kila kiumbe hupata chakula chenye kiasi maalumu. Nguvu aipatayo katika chakula hicho hana budi kuigawa katika matumizi makuu matatu: kukua, kuutunza mwili usichakae, na kuzaa. Shilingi iliyokwisha kununua unga haiwezi tena kununua chumvi. Kadhalika nguvu iliyokwisha kutengeneza yai haiwezi tena kuponya jeraha wala kuotesha unyoya mpya. Kwa hiyo kila aina ya kiumbe ina mgawanyo wake, na mgawanyo huo ndio unaoamua mwendo wa maisha yake.

Kwelea kwelea ameweka sehemu kubwa katika uzazi. Kwa kawaida jike hutaga mayai 3 hivi, huyaatamia kwa siku 10 hadi 12, na makinda huondoka kiotani kabla majuma mawili hayajatimia. Makinda hao huweza kuzaa kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Gharama ya haraka hiyo ni maisha mafupi. Wengi wao hawauoni mwaka wa tatu.

Tumbusi mgongo-mweupe, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Gyps africanus, amechagua njia ya pili. Uzito wake ni kilo 5 hadi 6 hivi, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 2. Jike hutaga yai 1 tu katika msimu. Wazazi wote wawili huliatamia kwa zamu kwa muda wa siku 56 hivi, na kinda hukaa kiotani miezi 4 mingine kabla ya kuruka. Akisha kuruka, itapita miaka kama 5 ndipo naye aanze kuzaa. Katika muda huo kwelea kwelea amekwisha kupata watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe.

Ikiwa tumbusi anazaa kidogo hivyo, na bado jamii yake imedumu kwa maelfu ya miaka, basi ni lazima awe na kitu kinachofidia uchache huo. Kitu hicho ni umri mrefu.

Umri wa ndege hujulikanaje?

Ndege hana meno yanayoweza kuhesabiwa kama ya ng'ombe, wala pete za mwaka kama za shina la mti. Wataalamu hutumia njia tatu. Ya kwanza ni kumfunga kinda pete ya chuma mguuni, yenye namba, na kuandika tarehe. Ndege huyo akipatikana baada ya miaka mingi, umri wake hujulikana bila kubahatisha. Ya pili ni kumfunga chombo kidogo kinachotoa habari za mahali alipo kwa njia ya setilaiti. Ya tatu, ambayo hata mwanafunzi anaweza kuitumia, ni kuangalia rangi ya manyoya.

Mfano mzuri wa njia hii ya tatu ni tai pungu (Terathopius ecaudatus), aonekanaye sana Ruaha. Ni rahisi kumtambua: mkia wake ni mfupi mno, na arukapo huyumba huku na huku kama mtu atembeaye juu ya kamba. Mkubwa ana mwili mweusi, na uso na miguu myekundu. Mdogo ni wa rangi ya kahawia mwili mzima. Hubadilika polepole, na huchukua miaka 7 au 8 kuvaa vazi kamili la utu uzima. Kwa hiyo umwonapo tai pungu mweusi mwenye uso mwekundu, jua kwamba unamtazama ndege ambaye huenda alianguliwa kabla mwanafunzi wa kidato cha kwanza hajaanza darasa la kwanza.

Pete zimetupatia ushahidi wa ajabu. Huko Marekani, tai mmoja wa aina ya kichwa-cheupe aliyefungwa pete mwaka 1977 alikutwa amekufa mwaka 2015, baada ya miaka 38 ya kuishi porini. Ndege wanaofugwa huishi zaidi. Kondori mmoja wa milima ya Andes, aliyeitwa Thaao, alikufa mwaka 2010 katika bustani ya wanyama nchini Marekani akiwa na umri wa karibu miaka 80.

Hapa msomaji hana budi kutenga mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Umri wa juu kabisa ni ule alioufikia mmoja aliyebahatika. Umri wa wastani ni ule wanaoufikia wengi. Kijiji kinaweza kuwa na bibi mmoja wa miaka 100, lakini hatuwezi kusema kwamba wanakijiji wote huishi miaka 100. Jamii ya ndege huendelea kwa wastani, wala si kwa yule mmoja aliyebahatika.

Uzazi usio na haraka

Katika misitu ya Udzungwa, iliyoko Iringa na Morogoro, anaishi tai mwenye shungi kichwani (Stephanoaetus coronatus), mwenye nguvu za kumkamata mbega na kima. Huyu anampita hata tumbusi kwa uzazi wa polepole. Yai huatamiwa kwa siku 50 hivi, kinda hukaa kiotani siku 110 hivi, na akisha kuruka wazazi huendelea kumletea chakula kwa miezi mingine 9 hadi 11. Ukijumlisha muda wote huo, utaona kwamba mwaka mmoja hautoshi. Kwa sababu hiyo jozi iliyofanikiwa kulea kinda huzaa mara moja tu katika miaka 2.

Jambo hili tunalifahamu kwa kiasi kikubwa kutokana na uvumilivu wa Leslie Brown, bwana shamba aliyefanya kazi nchini Kenya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 aliwachunguza tai wa kilima kimoja huko Embu, na baadaye tai wa shungi karibu na Nairobi, akirudi katika viota vile vile mwaka baada ya mwaka. Vifaa vyake vilikuwa darubini, daftari na miguu yake. Ndege aishiye miaka mingi hachunguziki kwa juma moja. Mchunguzi naye hana budi kuwa na subira kama ya ndege mwenyewe.

Aina nyingine za tai hutaga mayai 2, na mtu angedhani kwamba uzazi wao umeongezeka maradufu. Sivyo. Tai mweusi wa majabali (Aquila verreauxii), alaye pimbi, hutaga mayai 2, lakini kinda wa kwanza kuanguliwa humdonoa mdogo wake hadi amuue. Katika vilima vya Matobo nchini Zimbabwe, mtafiti Valerie Gargett alihesabu jinsi kinda mkubwa alivyomdonoa mdogo mara 1,569 katika muda wa siku 3. Mama hakuingilia kati. Yai la pili ni akiba tu: hufaa endapo la kwanza ni viza au kinda wa kwanza amekufa mapema. Mwisho wa yote, anayeruka kutoka kiotani ni mmoja.

Aidha, uzazi wa ndege hawa hutegemea ujuzi. Jozi changa mara nyingi hushindwa: kiota huporomoka, yai hupoa, au chakula hakitoshi. Wazazi wenye miaka kadhaa ya mazoea hufanikiwa zaidi. Kwa hiyo ndege mkubwa mwenye uzoefu hana thamani sawa na kijana. Ndiye mlezi anayetegemewa na jamii nzima.

Hesabu ya maisha

Sasa tuchukue kalamu. Namba zifuatazo ni za mfano wa darasani, zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi, lakini mwendo wake ni ule ule wa porini.

Tuseme kwamba katika kila tumbusi wakubwa 10, 9 huvuka mwaka salama na 1 hufa. Tukianza na ndege 100, baada ya mwaka 1 watabaki 90, baada ya miaka 2 watabaki 81, kisha 73, kisha 66. Baada ya miaka 10 watabaki 35. Ikiwa wanaovuka mwaka ni 8 tu katika kila 10, basi 100 huwa 80, kisha 64, kisha 51. Na baada ya miaka 10 hubaki 11 tu. Tofauti ya ndege 1 katika 10 kwa mwaka huonekana ndogo, lakini matokeo yake baada ya miaka 10 si madogo hata kidogo.

Kuna kanuni fupi ya kupata wastani wa misimu ya kuzaa ambayo ndege mkubwa anaweza kuitarajia. Tukiita uwezekano wa kuvuka mwaka U, basi:

Misimu = 1 ÷ (1 − U)

U ikiwa 0.9, misimu ni 1 ÷ 0.1, yaani 10. U ikiwa 0.8, misimu ni 1 ÷ 0.2, yaani 5. Uwezekano umepungua kidogo, lakini maisha ya uzazi yamekatwa nusu.

Tuendelee. Tuseme katika kila majaribio 10 ya kuzaa, 6 hufanikiwa kutoa kinda anayeruka. Na katika kila makinda 10 walioruka, 4 hufika umri wa kuzaa. Ili jamii isipungue, kila jike hana budi kuacha wazao 2 wanaofika umri wa kuzaa: mmoja wa kushika nafasi yake na mwingine wa kushika nafasi ya dume.

Penye usalama, ambapo U ni 0.9, jike hupata misimu 10. Makinda wake watakaoruka ni 10 × 0.6 = 6, na watakaofika utu uzima ni 6 × 0.4 = 2.4. Namba hii inazidi 2, kwa hiyo jamii inaongezeka polepole.

Penye hatari, ambapo U ni 0.8, jike hupata misimu 5. Makinda wanaoruka ni 3, na wanaofika utu uzima ni 1.2. Jamii inateketea.

Je, tunaweza kuiokoa jamii hii ya pili kwa kulinda viota tu? Tuseme tumefanya muujiza, tukalinda kila kiota hata pasipotee yai moja. Misimu 5 itatoa makinda 5, na 5 × 0.4 = 2. Yaani kwa ulinzi usio na kasoro, jambo ambalo halijapata kutokea porini, tungefaulu kusimama pale pale tulipo bila kuongeza hata ndege mmoja. Lakini tukiwalinda wakubwa tu, wakarudi katika usalama wao wa kwanza, jamii itaanza kukua yenyewe bila kuguswa kiota hata kimoja.

Kwa kwelea kwelea mambo ni kinyume. Hata nusu au zaidi wakifa kila mwaka, waliobaki hujaza pengo kwa msimu mmoja au miwili. Ndiyo sababu eropleni hazijammaliza.

Kwa nini viumbe huzeeka?

Kanuni tuliyoitumia ina udhaifu mmoja. Imechukulia kwamba ndege wa miaka 8 na wa miaka 38 wana uwezekano ule ule wa kuvuka mwaka. Huko Ufaransa, tumbusi wa aina ya Gyps fulvus walirudishwa katika milima ya kusini kuanzia mwaka 1981, na uchunguzi ulionyesha kwamba karibu wakubwa 99 katika kila 100 walivuka mwaka. Tukiingiza 0.99 katika kanuni, tunapata wastani wa miaka 100. Hakuna tumbusi aishiye hivyo. Kanuni haikukosea kujumlisha, imesahau uzee.

Uzee, kwa maana ya kisayansi, ni kule kuongezeka kwa uwezekano wa kufa na kupungua kwa uwezo wa kuzaa kadiri umri unavyoendelea. Zamani wengi walidhani kwamba wanyama wa porini hawazeeki, kwa kuwa hufa kwa ajali kabla ya uzee kuwafikia. Uchunguzi wa muda mrefu umekanusha dhana hiyo. Ian Newton, aliyewafuatilia kipanga wadogo huko Scotland kwa miaka mingi tangu miaka ya 1970, aliona kwamba majike huboreka katika uzazi miaka ya mwanzo, hufikia kilele katikati ya maisha, kisha hudhoofika katika uzazi na katika kuishi. Ni kilima chenye kupanda na kushuka. Kwa ndege wakubwa kilima hicho kina uwanda mpana juu yake: miaka mingi ya nguvu zisizopungua, ndipo mteremko unapoanza.

Kwa nini basi mteremko uwepo? Mwaka 1952 Peter Medawar, mtaalamu wa Uingereza, alitoa maelezo yafuatayo. Tuchukue kasoro mbili za kurithi. Ya kwanza humuua ndege akiwa na mwaka 1: huyo hufa bila kuzaa, na kasoro yake hufa pamoja naye. Ya pili humdhuru akiwa na miaka 40: huyo amekwisha kuzaa na kuirithisha. Uteuzi wa asili una macho makali kwa mambo ya ujanani, lakini huona kiza katika mambo ya uzeeni. Mwaka 1957 George Williams wa Marekani aliongeza kwamba jeni moja huweza kumfaidia kiumbe ujanani na kumdhuru uzeeni, na kwa kuwa faida hutangulia, jeni hiyo huenea. Mwaka 1977 Thomas Kirkwood alieleza jambo hili kwa upande wa gharama: kuutunza mwili ni ghali, na hakuna faida kuutunza kwa miaka 50 mwili ambao utaliwa mwaka huu. Mvuvi ajengaye dungu kando ya mto ufurikao kila masika hatumii saruji. Hutumia fito na nyasi. Ajengaye mlimani, pasipofika maji, ndiye mwenye sababu ya kujenga kwa mawe.

Tumbusi na tai wamejenga mlimani. Mabawa yao ndiyo ngome yao: ni wanyama wachache sana wawezao kumkamata tai mzima. Kwa kuwa hatari za nje zilikuwa chache, uteuzi wa asili uliwapa miili ya kudumu. Linganisha na bweha, alaye pamoja na tumbusi katika mzoga ule ule na ambaye uzito wake haupishani sana na wa tumbusi: bweha wa porini ni nadra kuvuka sana miaka 10. Na hili ni la kustaajabisha, kwa sababu mwili wa ndege una joto la nyuzi 40 za Sentigredi au zaidi, na huchoma chakula kwa kasi. Injini iendayo kasi tungeitarajia ichakae mapema. Uchunguzi wa seli umeonyesha kwamba mitokondria za ndege, yaani vile viungo vya seli vitoavyo nguvu, kwa jumla huvujisha kemikali haribifu za oksijeni kwa kiasi kidogo kuliko za wanyama wanyonyeshao wenye uzito sawa nao. Moto ni mkali, lakini moshi ni haba.

Sumu, na hesabu iliyovurugika

Sasa tunaweza kuona ubaya wa sumu. Maumbile yalimzoesha tumbusi kupoteza mayai na makinda, na kuwahifadhi wakubwa. Sumu hugeuza utaratibu huo: huua wakubwa, na huwaua wengi kwa siku moja.

Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, simba 6 na tumbusi 74 walikutwa wamekufa, ikashukiwa kuwa walikula nyama iliyotiwa sumu. Juni 2019 huko Botswana, tumbusi 537 walikufa baada ya kula mizoga ya tembo 3 iliyowekwa sumu na majangili. Majangili huwachukia tumbusi kwa sababu mduara wao angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa. Vijijini sababu ni nyingine: simba au fisi ameua ng'ombe, na mwenye ng'ombe, kwa uchungu ambao hatuna haki ya kuudharau, hutia sumu ya mashambani katika mzoga ili mla nyama arudipo afe.

Mfugaji hakumkusudia tumbusi. Lakini tumbusi hutafuta chakula kwa kutazamana: mmoja ashukapo, wa mbali humwona akashuka, na wa mbali zaidi humwona huyo wa pili. Ndege mmoja huweza kuruka zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Hivyo mzoga mmoja wenye sumu katika kijiji kimoja huwavuta ndege wa eneo lenye ukubwa wa wilaya nzima.

Turudi katika hesabu yetu. Tuseme kwamba kati ya wale 74, 60 walikuwa wa umri wa kuzaa. Kuwapata wengine 60 wa umri huo kunahitaji makinda 60 ÷ 0.4 = 150 walioruka, na hao wanahitaji majaribio 150 ÷ 0.6 = 250 ya kuzaa. Jozi 100 zingehitaji misimu 2 na nusu, zikitumia wazao wao wote kulipa deni hilo bila kufidia vifo vya kawaida, kisha tungoje miaka 5 makinda hao wakomae. Alasiri moja imekula karibu miaka 8. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; hapa kibaba kilichojazwa punje moja moja kimemwagwa kwa teke moja.

Si ajabu, basi, kwamba uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 kuhusu Masai Mara, Kenya, ulionyesha kuwa tumbusi walipungua kwa asilimia 62 hivi katika miaka 30, na kwamba mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe aliwekwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Hata vita dhidi ya kwelea kwelea vina sehemu yake: tai na mwewe walao kwelea waliokufa kwa sumu hudhurika pia.

Hasara haiishii kwa ndege. Huko India, tumbusi wa aina moja walipungua kwa zaidi ya asilimia 99 kati ya mwaka 1992 na 2007, kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu iliyotumiwa kutibu ng'ombe. Mizoga ikabaki kuoza, na mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka.

La kufanya

Kwanza, ng'ombe alindwe ili sumu isihitajike. Boma imara la usiku huokoa ng'ombe na tumbusi kwa pamoja. Huko Ruaha, mradi wa Ruaha Carnivore Project ulioanza mwaka 2009 umewasaidia wafugaji kuimarisha maboma yao kwa nyaya. Pili, mzoga wenye ndege waliokufa pembeni usiguswe kwa mkono, kwa kuwa sumu hiyo humdhuru hata mtu; mtu mzima apeleke habari upesi kwa ofisa wa wanyamapori. Tatu, shule zianze kuhesabu. Darasa linaloandika kila mwezi idadi ya tai pungu weusi na wa kahawia waliowaona, mahali na tarehe, litakuwa na hazina baada ya miaka 10. Penye wakubwa wengi pasipo wadogo, uzazi umekwama. Penye wadogo wengi na wakubwa wachache, wakubwa wanauawa.

Umwonapo tena tumbusi akizunguka juu ya Usangu, kumbuka kwamba huenda ameishi miaka mingi kuliko wewe, na kwamba katika maisha yake yote hesabu inamdai jambo moja tu: aache wawili baada yake. Muda wa kutosha ndio mtaji wake wa pekee.

Maswali na zoezi

1. Ikiwa uwezekano wa kuvuka mwaka ni 0.95, jike atarajie misimu mingapi ya kuzaa? Kwa kutumia namba za makala haya, ataacha wazao wangapi wanaofika utu uzima?

2. Chukua punje 100 za mahindi ziwe ndege wakubwa. Kila "mwaka" ondoa 1 katika kila 10, ukikadiria kwa namba nzima iliyo karibu. Baada ya miaka mingapi punje zitapungua chini ya nusu? Rudia kwa kuondoa 2 katika kila 10, kisha chora grafu mbili katika karatasi moja.

3. Tembo na nyangumi nao huzaa kidogo na kuishi sana. Eleza kwa nini kuwawinda wakubwa wao kuna madhara kuliko kuwawinda sungura kwa kiwango kile kile.

4. Jadilini: mfugaji aliyepoteza ng'ombe 3 kwa simba anaomba ushauri wenu. Mtamwambia nini ambacho kitamfaa yeye kwanza, na tumbusi baadaye?